Gramu Hamsini Kabla ya Kura

Wifi yangu hawezi kuingia dukani kama watu wengine. Wewe na mimi tunaingia, tunachukua sabuni, tunalipa, tunatoka. Yeye anaishika sabuni, anaigeuza, anasoma uzito ulioandikwa ubavuni, kisha anatoa mizani yake mkobani na kuipima hapohapo juu ya kaunta, mwenye duka akimtazama. Siku ya harusi ya mpwa wangu alimfuata mpishi mpaka jikoni akamuuliza nyama kainunua bei gani, lini, na kwa nani. Mpishi alidhani amekamatwa, akaanza kujitetea bila kushtakiwa, na ndivyo tulivyojua kwamba kulikuwa na kilo mbili ambazo hazikufika sufuriani.

Ndiyo kazi yake. Ameajiriwa na ofisi ya takwimu, kitengo cha bei. Kila mwezi, kuanzia tarehe kumi, anazunguka maduka arobaini na mawili na kuandika bei za vitu vilevile, vya uzito uleule, katika maduka yaleyale. Mchele, mafuta ya kupikia, kiberiti, dawa ya meno, kunyoa nywele, mkate. Namba zake zinachanganywa na za wenzake wa miji mingine, inapatikana ile asilimia inayosomwa redioni: mfumuko wa bei. Benki kuu wanaitazama kabla ya kuamua riba ipande au ishuke. Wanasiasa wanaitazama kabla ya kupanda jukwaani. Mimi nilikuwa siitazami hata kidogo. Ikianza kusomwa, nilikuwa napunguza sauti ya redio nisubiri muziki.

Nilimpa jina la Mama Mizani wiki ileile alipoolewa na kaka yangu, miaka kumi na tisa iliyopita. Yeye alijibu kwa kuniita Mdomo Kaunta, kwa sababu mimi ndiye ninayeuza katika duka la mikate la kaka, na kwa sababu, anavyodai, mteja akinunua mkate mmoja kwangu anaondoka na habari tatu. Tunataniana hivyo asubuhi mpaka jioni. Nampenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Wao wanalijua hilo, wala sijali.

Kaka yangu ni mwokaji mikate, mtu mpole, mnene wa mikono, mwenye aibu kupita kiasi. Walikutana juu ya mizani. Zamani duka letu lilikuwa kwenye orodha ya wifi, na kila mwezi alikuwa anakuja, ananunua mkate, anaupima, anaandika, anaondoka bila hata kutabasamu. Mwezi wa nne kaka akajipa moyo, akamwokea mkate mkubwa wa pekee. Wifi akauweka kwenye mizani: gramu mia nne na sitini. Akaurudisha kwenye kaunta.

"Nipe wa watu wote," akasema.

Jioni ile kaka akaniambia, "Huyu namuoa."

"Amekurudishia mkate wako," nikamwambia, "na wewe umesikia posa?"

Lakini alimuoa. Na siku ya pili baada ya harusi wifi alikwenda mwenyewe kwa bosi wake akaomba duka letu lifutwe kwenye orodha yake, maana kanuni za kazi hazimruhusu kupima duka la ndugu. Likafutwa. Tangu siku hiyo hajawahi kuileta mizani yake dukani kwetu. Shikilia hapo, maana ndipo balaa lilipopata nafasi ya kuingia.

Mwaka wa uchaguzi una vituko vyake. Barabara ambazo zimekuwa na mashimo miaka minne zinagunduliwa ghafla kuwa zina mashimo. Watu wasiokujua wanakuulizia hali ya mama yako. Na bei za vitu zinaombwa, kwa adabu kabisa, zikae kimya.

Mwaka huu tunaouzungumzia, fedha yetu ilikuwa imeshuka thamani mbele ya fedha za nje tangu mwezi wa kwanza. Ngano yetu inatoka nje. Kwa hiyo gunia la unga lilipanda, likapanda tena, mpaka likawa limezidi bei ya zamani kwa karibu moja ya tano. Waokaji wa mji wakaitisha kikao ili waongeze bei ya mkate wote kwa pamoja. Nilikwenda na kaka, kwa sababu kaka hajui kukataa na mimi najua.

Kabla kikao hakijaanza vizuri, akaingia bwana mmoja kutoka ofisi za mkoa. Hakutishia mtu. Alikaa, akanywa soda yetu, akasema serikali itafurahi mno ikiwa bei ya mkate haitaguswa mpaka kura zihesabiwe. Kisha, akiwa anainuka, akataja juujuu tu kwamba mwezi ujao kuna ukaguzi wa leseni za biashara. Akaaga kila mtu kwa kumshika mkono na kwenda zake.

Hatimaye mwenyekiti wetu, mwokaji wa siku nyingi mwenye tumbo la heshima, akakohoa.

"Bei amesema tusiiguse," akasema. "Uzito hakuutaja."

Watu walicheka mpaka wakagonga meza. Mkate wetu ulikuwa gramu mia nne. Wakakubaliana uwe mia tatu na hamsini. Hamira itaongezwa kidogo ili uvimbe, urefu ubaki uleule, mteja asione tofauti. Mmoja akamgeukia kaka. "Wewe, mkeo si ndiye anayeandika haya mambo?"

"Anaandika bei," kaka akasema. "Na bei haibadiliki."

Niamini nikikwambia: katika chumba kile palikuwa na watu kumi na wanne ambao kazi yao kila siku ni kupima madonge ya unga kwenye mizani, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kuna watu wengine duniani wenye mizani. Hata kaka, anayelala kitanda kimoja na mizani!

Au labda alikumbuka, maana kesho yake alfajiri nilimkuta anakata madonge yote kwa uzito mpya, isipokuwa moja. Hilo moja alilipima kwa uzito wa zamani, akaliweka kwenye kopo lake, akalichora mkato mmoja kwa kisu juu.

"Huu wenye mkato usiuuze," akaniambia. "Ni wa nyumbani."

"Unamwogopa mkeo?"

"Watoto wanakua," akajibu, uso kautazamisha kwenye tanuri.

Kwa wiki tatu mimi ndiye niliyebeba ule mkate wenye mkato kila jioni mpaka nyumbani kwao, hatua themanini kutoka dukani, na kuuweka mezani kwa wifi yangu kipenzi kwa macho makavu. Sina pa kujifichia. Mikate mia nane kwa siku niliikabidhi kwa wateja nikiwauliza habari za nyumbani, na mmoja niliupitisha kando.

Hapa inabidi niseme kuhusu tanuri. Tanuri letu lilikuwa zee. Mlango wake ulifungwa kwa waya, upande wa kushoto uliunguza na wa kulia uliacha mikate mibichi, na kaka alikuwa anaigeuza katikati ya kuoka kama muuguzi anayegeuza wagonjwa. Miaka tisa alikuwa anaota tanuri jipya. Picha yake, iliyokatwa kwenye karatasi ya matangazo, ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya mapipa ya unga. Bwana wa mikopo wa benki alikuwa amemwambia, "Usichukue sasa, riba iko juu. Subiri. Kama mfumuko wa bei utatulia mwezi huu, benki kuu itashusha riba kabla ya uchaguzi. Hapo njoo." Kwa riba ile mpya kaka angeweza. Kwa riba ya zamani asingeweza, tulishapiga hesabu mara nyingi. Kwa hiyo kaka naye akaanza kusikiliza ile asilimia redioni, na mimi nikakatazwa kupunguza sauti.

Na redioni mgombea aliyekuwa madarakani alikuwa anaimba wimbo mmoja kila jioni: "Nitajieni nchi nyingine ambayo mkate haujapanda! Mkate wetu haujapanda hata senti moja!" Watu wakipiga makofi, kaka alikuwa anainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Tarehe kumi na tano wifi akarudi nyumbani jioni na viatu mkononi. Nilikuwa nimeshaweka mkate mezani, kaka anamimina chai. Hakusalimia.

"Wameipunguza!" akasema. "Maduka sita, waokaji wanne tofauti, yote mia tatu na hamsini. Mia tatu na arobaini na nane mahali pamoja. Halafu wametia hamira ikavimba kama shavu la mtu mwenye jino. Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi!"

Nilikunywa chai ikanibabua. Wifi akautazama mkate wa mezani. Akanitazama mimi. Akamtazama kaka. Kisha akatoa mizani mkobani, akaiweka mezani kwetu kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na akaupandisha mkate juu yake.

Mia nne na mbili.

Sijawahi kuona uso wa mtu unang'aa vile. Alipiga kigelegele. Akamkumbatia kaka mbele yangu na mbele ya watoto, akamshika mashavu yake yote mawili na kuyavuta. "Mji mzima!" akasema. "Mji mzima wameiba, ila mume wangu! Watoto, njooni mumwone baba yenu!" Watoto wakaja wakamwona baba yao. Baba yao alikuwa amesimama na birika mkononi, chai inamwagika kwenye kiatu chake, wala haisikii.

Ningekuwa mtu mzuri ningesema palepale. Nilisema, "Wifi, kaa basi unywe chai."

Kesho yake alikwenda ofisini na habari hiyo kichwani kama taji, akamwambia kila mtu, ofisini na madukani. Na jioni alirudi amebadilika kidogo. Furaha ilikuwepo, lakini imechanganyika na kitu kingine. Alitueleza taratibu, maana yeye akieleza kazi yake anaeleza kama anakata mkate, kipande kwa kipande.

"Kanuni iko hivi," akasema. "Mkate ukipunguzwa uzito na bei ikabaki, mimi naandika kwamba bei imepanda. Kwa gramu hizi ni zaidi ya asilimia kumi na nne. Na mkate unaliwa kila nyumba, kwa hiyo ile namba ya redioni nayo inapanda. Lakini kama kuna mahali popote mjini mkate wa gramu mia nne bado unauzwa kwa bei ya zamani, basi natakiwa nichukue huo. Hapo mkate haujapanda. Sifuri. Bosi aliposikia habari za duka letu karibu aruke. Nikamwambia siruhusiwi kupima duka la mume wangu. Akasema, 'Wewe huruhusiwi. Mimi sijaolewa naye.' Anataka kuupima mwenyewe, kesho saa nne. Baba watoto, utauleta?"

"Na wewe unataka?" kaka akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Sitaki huyo wa jukwaani asimame aseme namba zangu zinamtetea, wakati maduka yote yale yamepunguza. Inanikera mpaka kwenye meno. Lakini kanuni ni kanuni. Kama mkate wako upo, upo." Akamgusa bega. "Na upo. Hilo ndilo muhimu kwangu."

Nilimfuata kaka dukani kufunga milango. Nilikuwa nimeshalipanga lote kichwani, na nikalimwaga. Kesho alfajiri aoke kundi moja la mikate ya mia nne, hamsini hivi, tuiuze kweli, tusiwe tumedanganya. Apeleke mmoja. Namba itoke sifuri, riba ishuke, tanuri lije. Wifi aendelee kumwita shujaa mpaka azeeke. Waokaji wenzetu wasimchukie. Hakuna hata mtu mmoja atakayeumia.

Kaka alikuwa anauzungusha ule waya wa mlango wa tanuri kwenye kidole.

"Nimeoka mikate miaka thelathini," akasema. "Ushahidi sijawahi kuoka."

"Kwa hiyo utasema?"

"Sijui," akasema, na nilijua hajui kweli. Aliizima taa ikabidi nitoke.

Saa nne kasoro tulikuwa ofisini kwa wifi. Nilivaa nguo ya kwenda mjini. Kaka alikuja na aproni yake kwa kusahau, unga mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa karatasi kaushika kwa mikono miwili. Ofisi yenyewe ni chumba kirefu chenye mafaili mpaka darini na feni inayolalamika. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama. Wifi alikuwa amevaa hereni. Siku za kazi havai hereni.

"Karibu, shemeji!" bosi akasema. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kuonekana hajalala, na kabla hatujakaa simu yake ililia mara mbili, akaijibu mara zote mbili akiwa wima na kusema "ndiyo, mheshimiwa, tunaupima sasa hivi." Nilimwonea huruma. Alifunua mizani kubwa ya ofisi, akaifuta kwa leso.

Kaka akatoa mkate wenye mkato. Mia nne na moja. Watu wakapiga makofi, wifi akainua kidevu, bosi akachukua kalamu.

"Bado," kaka akasema.

Akatoa mkate wa pili. Urefu uleule, rangi ileile, ila juu hauna mkato. Akaupandisha mwenyewe. Mia tatu na arobaini na tisa.

Kalamu ya bosi ikabaki hewani.

"Huu ndio tunaouza," kaka akasema. Alisema akiwatazama wote, na kaka yangu huwa hatazami hata watu wawili kwa pamoja. "Tangu wiki tatu zilizopita. Kama wenzangu tu. Ule mwingine ni wa nyumbani kwangu. Naoka mmoja kwa siku."

Wifi hakusogea. Alipozungumza alizungumza kwa sauti ya kazini, ile niliyoisikia mara ya mwisho miaka kumi na tisa iliyopita.

"Mnauza mingapi kwa siku?"

"Mia nane."

"Yenye gramu mia nne ni mingapi?"

"Mmoja."

"Unauzwa kwa nani?"

"Hauuzwi. Unaletewa wewe."

"Nani anauleta?"

Nikainua mkono kama mtoto darasani.

Bosi aliirudisha kalamu mezani. "Shemeji," akasema, "miaka ishirini na sita nipo hapa. Wafanyabiashara wamenificha, wamenifukuza, mmoja alinifungulia mbwa. Hajawahi kuja mtu kujishtaki mwenyewe. Sina hata fomu yake."

"Fomu ipo," wifi akasema. Alikaa mezani kwake, akavuta karatasi, na kwenye mstari wa mkate akaandika mia tatu na hamsini kwa yale maduka yake sita, akaandika sababu, akatia sahihi, akamsogezea bosi. Simu ya bosi ikalia tena. Bosi akaitazama ikilia mpaka ikachoka, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya wifi. Namsifu kwa hilo. Nyumbani alikuwa na watoto wa kulisha kama sisi.

Wifi alitoka nje mbele yetu, tukamfuata mpaka chini ya ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, kilio, hata kofi. Akatugeukia.

"Nimemwambia mwenye duka la dawa," akasema. "Nimemwambia kinyozi. Nimemwambia mama wa mkaa. Maduka arobaini na mawili nimewatambia kwamba mume wangu ndiye pekee!" Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, na kilipotoka alilazimika kushika nguzo. Kaka naye akacheka kwa woga. Wifi akanyamaza palepale.

"Wewe usicheke. Nimekasirika. Na nitakasirika mpaka Jumapili."

"Jumapili saa ngapi?" kaka akauliza.

Akafikiri. "Baada ya chakula cha mchana."

Akamfuta unga kwenye nyusi kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria, akapanda ngazi kurudi kazini. Kaka alibaki ananitazama kwa furaha ya mtu aliyehukumiwa siku tatu badala ya maisha. Mimi nilipewa wiki mbili, na nilizitumikia zote.

Namba ikatoka. Redio ikaisoma, sauti juu kabisa, dukani kwetu. Ilikuwa imepanda, na mtangazaji akasema wazi kuwa mkate ni mojawapo ya sababu. Benki kuu hawakuigusa riba. Bwana wa mikopo akapiga simu kumpa kaka pole, na tanuri la picha likabaki ukutani. Yule mgombea aliacha wimbo wake wa senti moja kati ya Jumanne na Jumatano, na mpinzani wake akaanza kupanda jukwaani na mkate mkononi, anautikisa. Hilo nalo lilimuudhi wifi. "Anaushika kama vile kaupima yeye," akasema. Nilipomuuliza anataka nani ashinde, aliniambia kura ni siri, lakini yeyote atakayeshinda, tarehe kumi yuko naye madukani.

Waokaji walimnunia kaka wiki nzima. Mwenyekiti alimwita msaliti kwenye mkutano na kumkopa ndoo ya hamira siku ileile. Kisha, kwa kuwa siri haikuwepo tena na ukaguzi wa leseni ulifika na kupita bila kumuuma mtu, wote wakaanza kuandika gramu kwenye karatasi ya mkate. Kaka hakungoja karatasi. Alichukua ubao, akaandika kwa mkono wake mbaya: MKATE HUU NI GRAMU 350. UNGA UMEPANDA. ZAMANI ULIKUWA 400. Akautundika juu ya kichwa changu, kwenye kaunta. Nilimwambia tutafukuza wateja. Wateja walisoma, wakatukana kidogo, wakacheka, wakanunua. Mauzo hayakushuka hata kwa mkate mmoja, na nyumbani sasa wanakula wa watu wote.

Siku mbili kabla ya kupiga kura alikuja mama mmoja, mteja wetu wa kila asubuhi, mshona nguo wa mtaa wa nyuma, mwenye watoto watano. Alikuwa ametoka safari ya wiki mbili kumuuguza dada yake, kwa hiyo ubao alikuwa hajauona. Aliweka pesa kwenye kaunta, akainua macho, akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tarehe.

Akashika kichwa. "Jamani, mwanangu!" akasema. "Binti yangu wa kati. Mkate mmoja ulikuwa unatutosha, ghafla ukawa hautoshi, wa mwisho anakosa. Nikasema kuna mtu anadokoa. Nikamshika yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa anarudi kuomba kipande kingine. Kila asubuhi namgombeza. Ananiambia, 'Mama, nakula kilekile, lakini sishibi.' Nikamwita mwongo."

Mimi, Mdomo Kaunta, niliitazama pesa yake kwenye kaunta. Nilifikiria kila kitu nilichokuwa nimemwambia kaka jioni ile dukani, na jinsi nilivyosema hakuna hata mtu mmoja atakayeumia.

Niligeuka, nikachukua mkate mwingine wa moto, nikaufunga kwenye karatasi safi, nikauweka juu ya wake.

"Huu ni wake peke yake," nikasema. "Mwambie mwizi amepatikana. Mwambie ni mimi, na anasema samahani."

Yule mama alinitazama, na uso ukamfunguka taratibu mpaka akacheka, akaikumbatia mikate yote miwili kifuani na kuondoka mbio, nusu anakimbia, ili amkute binti yake kabla hajakwenda shule.